Minyororo Iliyosimama Wima

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Giakanja nikiwa na cheti cha shughuli za bandari, kompyuta ya mkononi, na programu ambayo hakuna mtu katika eneo letu zima la Tetu aliyekuwa na haja nayo. Programu hiyo hukokotoa kama shehena iliyofungwa ndani ya meli itabaki mahali pake bahari ikichafuka. Unaiambia uzito wa mzigo, mahali ulipowekwa, umekalia chuma au mbao, na kila mnyororo umetoka wapi na kufika wapi. Nayo hupima nguvu za mawimbi dhidi ya nguvu za minyororo. Mstari ukiwa wa kijani, mzigo utatulia. Ukiwa mwekundu, usiiache meli iondoke. Majirani walipouliza nimesomea nini, mama aliwajibu kwamba nimesomea kamba.

Kaka yangu alikuwa Mombasa, baharia katika mkataba wake wa kwanza, kazi aliyokuwa ameitafuta tangu ujana wake. Kufunga mizigo alikuwa amejifunza kwenye lori la baba, lililopeleka kabichi sokoni Karatina. Pale kamba hupitishwa juu ya shehena na kuvutwa chini kwa nguvu zote, na kadiri inavyosimama wima ndivyo kabichi zinavyokandamizwa zikakaa. Kwa barabara zetu hiyo ni kazi safi kabisa.

Asubuhi moja alinitumia picha. Tingatinga mbili kubwa zilikuwa kwenye sitaha ya meli, zimekalia mbao, naye amesimama katikati yake kama aliyezinunua. Meli ingeondoka siku iliyofuata. Nilifurahi naye. Kisha nikaitazama minyororo. Ilitoka kwenye mashine na kushuka karibu wima hadi kwenye pete za sitaha zilizokuwa jirani. Mnyororo wa namna hiyo huizuia mashine isiruke, lakini hauizuii sana isiteleze kando. Na meli ikilala upande, mzigo huelekea huko huko kando, kuliko na watu.

Nilimwomba vipimo, akanitumia bila kuuliza sababu. Nikavijaza vyote. Mistari ya kuteleza ilitoka myekundu, kulia na kushoto.

"Wee injinia," akasema nilipompigia, "ati nyekundu? Hiyo kitu hata uisukume na tingatinga ingine haisongi!"

"Hapo bandarini haisongi. Mwambie afisa wako."

"Mimi? Nimekuja juzi. Nikianza kumfundisha kazi, nitashushwa na mabegi yangu."

Ilikuwa rahisi mno kwangu kuwa jasiri nikiwa kwenye kiti cha mama, umbali ule wote kutoka baharini, kwa kazi ambayo si mimi ningeipoteza. Lakini pia sikuweza kuifunga kompyuta na kumtakia safari njema. Yeye ndiye angetembea kati ya zile mashine kila zamu, akikagua minyororo.

"Usimfundishe," nikamwambia. "Mwambie uko na dada msumbufu, anataka aonyeshwe mahali amekosea."

Akacheka. "Hiyo ya msumbufu si uongo."

Na kwa kweli nilitamani nionyeshwe kosa. Sijawahi kutamani hivyo kushindwa mtihani.

Mchana simu ililia. Ilikuwa sauti nzito ya mtu wa pwani.

"Binti, nimeambiwa umeifelisha meli yangu. Wewe uko bandari gani?"

"Niko Giakanja, Nyeri."

"Giakanja! Hiyo iko bahari ipi?"

Mama, aliyekuwa akitoa minji kwenye maganda kando yangu, alidakia, "Mwambie hapa tuko na mto!"

Afisa akacheka, nami nikapata kupumua. Akataka nimsomee kila nilichojaza, na nilipofika mahali pa mashine alinikatiza. "Umeziweka mbele mno. Picha imekudanganya. Ziko karibu na katikati, ambako mrusho wa mawimbi ni mdogo."

Nikasahihisha kwa matumaini makubwa, naye akisubiri. Wekundu ulipungua, lakini haukuondoka.

"Bado ni nyekundu, bwana."

"Lakini minyororo tumeihesabu. Nguvu yake inazidi uzito."

"Inazidi. Ila imesimama wima. Haivuti kando."

Nilimwazia kaka akishuka ngazi na mabegi yake. Kisha nikasikia afisa akivuta kiti.

"Haya. Jaribu minyororo ivukane. Wa kona ya kushoto uende pete ya kulia, wa kulia uende kushoto, mbele na nyuma ya kila mashine. Hapo utalala, uvute kando."

Niliingiza mnyororo mmoja mmoja. Nikabonyeza.

"Kijani," nikasema.

"Sijasikia."

"Kijani!"

"Asifiwe Bwana!" mama akapaza sauti, minji zikamwagika.

"Huyo naye ni nani?"

"Ni mama wa baharia wako."

"Basi mwambie mama kijana wake leo atatoka jasho. Tunafungua, tunafunga upya."

Jioni kaka alituma picha nyingine. Minyororo ilikuwa imelala, imevukana nyuma ya kila mashine. Hakuandika neno, alikuwa ameweka tu kiganja chake chenye malengelenge mbele ya kamera.

Waliondoka. Tangu hapo simu yake haikupatikana, nami nikafanya kazi za nyumbani kwa bidii ya mtu anayejificha. Nilikata majani ya ng'ombe, nikachuma chai, nikaenda ibadani na kuiombea kila pete ya sitaha. Mstari wa kijani ni ahadi ya hesabu, haukunitosha.

Tulikuwa mezani alipopiga.

"Tumefika. Bahari ilikuwa mbaya, wacha tu. Meli ililala mpaka sufuria zikatembea jikoni. Mpishi alilia."

"Na mashine?" nikauliza.

"Mashine? Zilikaa tu hapo, kama zimekasirika."

Niliinamisha kichwa juu ya meza. Mama alininyang'anya simu akamuuliza kama amekula, na mpishi akilia anapikiwa na nani, na kwa nini sauti yake imekauka. Akamjibu yote kwa upole, akipiga miayo, kisha akasema amemaliza zamu na anataka kulala. Tukamwacha alale.