Mstari Ulioshuka kwa Adabu

Mstari ulianza kushuka mwezi wa tatu, na Kaimu hakuupenda tangu siku ya kwanza.

Ulikuwa mstari wa bluu, umechorwa kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ukutani, kati ya kabati la mafaili na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyethubutu kuiondoa kwa kuwa ilificha ufa. Ulionyesha wiki ambazo mtoto husubiri kabla ya kuonwa na timu ya tathmini kwa mara ya kwanza. Mwanzo wa mwaka zilikuwa hamsini na mbili: mtoto aliyeletwa na miaka mitatu bila kusema neno alionwa akiwa na minne, bado hajasema neno. Mwezi wa tano zikawa thelathini. Mwezi wa tisa mstari ukafika kwenye sita, ukatulia hapo kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi.

Kliniki ilikuwa na vyumba vinne nyuma ya hospitali, na iliwahudumia watoto ambao akili zao zilichagua njia yao wenyewe ya kukua: waliochelewa kusema, wasiotulia kitini, wenye usonji, na wale ambao ndugu zao walishamaliza maelezo wakabaki kusema tu "ni wa kwetu, ndivyo alivyo". Wafanyakazi walikuwa saba. Wakati wa wiki hamsini na mbili walikuwa saba, na wakati wa wiki sita walikuwa saba wale wale, wakinywa chai kwa muda ule ule. Hapo ndipo machale yalipomcheza Kaimu.

Yeye alikuwa muuguzi mwenye miaka ishirini na sita kazini, na kwa miaka miwili alikuwa Kaimu Mratibu wa Uboreshaji wa Huduma, cheo ambacho hakikuenea kwenye beji. Watu wakachukua neno la kwanza wakaacha mengine. Mlinzi wa getini alimwita Kaimu. Mumewe pia, siku akiwa na furaha. Neno hilo lingemwondoka tarehe ishirini ya mwezi wa kumi, siku wakaguzi kutoka makao makuu watakapokuja kuuona mstari. Mganga Mkuu alimwambia kinaga ubaga: mstari ukiwa chini ya wiki nane, anathibitishwa. Ukiwa juu, nafasi inafutwa naye anarudi wodini kwenye zamu, jambo ambalo magoti yake yalikuwa na maoni makali juu yake.

Kwa hiyo katika jengo zima hakuna aliyekuwa na sababu nzuri kuliko yake ya kuuamini mstari ule, na hakuna mwingine aliyeutilia shaka. Ndivyo alivyoumbwa. Akinunua mayai alilitikisa kila moja sikioni. Barua ya pongezi aliisoma kuanzia chini, kwenye saini.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Karani wa masjala, mzee mwenye shati lililopigwa pasi hata mikunjo ya kiwiko, na funguo shingoni kama nishani. Tangu mwezi wa tatu mzee huyu alikuwa na tabia moja mpya: alikuwa akiimba kazini, na Kaimu akiingia, wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

"Mzee, wiki iliyopita tuliandikisha watoto wapya wangapi?"

"Tisa, mama."

"Mbona kwenye benchi nilihesabu ishirini na wawili?"

"Benchi ni benchi, mama. Kitabu ni kitabu."

Alisema hivyo bila kuinua macho, na Kaimu akaondoka na jibu lile kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Siku iliyofuata alichukua mafaili thelathini, akafunga mlango, akalinganisha tarehe moja moja: siku mtoto alipoandikishwa, siku alipoonwa. Alitafuta mahali palipofutwa, wino wa rangi mbili, saba iliyogeuzwa kuwa tisa. Hakupata kitu. Tarehe zote zilikuwa safi. Hilo likamnyima raha zaidi, maana mtu anayefuta huacha alama, na aliyekuwa mbele yake, kama yupo, hakuhitaji kufuta.

Jioni alimkuta mumewe, fundi cherehani, amekaa kwenye kibaraza cha duka lake na mteja mmoja amemsimamia kichwani.

"Fundi, uliniambia wiki moja. Leo ya tatu!"

"Wiki moja tangu nikate kitambaa, shemeji. Kitambaa nimekata juzi. Mimi sichelewi hata siku moja."

Mteja aliondoka akiwa amekasirika na kushindwa kwa wakati mmoja. Fundi akacheka. Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama na mkoba begani, akimtazama kana kwamba ndiye aliyeuiba mstari.

"Hebu rudia ulichomwambia."

"Nini tena? Ugomvi wa mteja umehamia kwako?"

"Unaanza kuhesabu lini?"

"Nikishakata," alisema fundi. "Kabla ya hapo si nguo, mke wangu, ni maneno tu."

Asubuhi Kaimu alifika kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Kwenye benchi tayari alikuwapo bibi mmoja na mjukuu wake, msichana wa miaka sita aliyekuwa amepiga magoti sakafuni akipanga vifuniko vya chupa, vyeupe peke yavyo na vya kijani peke yavyo, kwa umakini ambao wizara nyingi zingeuonea wivu. Bibi alikuwa na fomu imekunjwa mara nne.

"Mara ya tano hii, mwanangu," alisema. "Kila nikija naambiwa haijajaa."

Kaimu akaikunjua. Kurasa sita zilijazwa kwa mwandiko wa mtu aliyesaidiwa na jirani. Ukurasa wa saba ulikuwa mtupu. Juu yake paliandikwa: Taarifa ya Mwalimu wa Darasa.

"Huu mbona hukumpelekea mwalimu wake?"

"Mwalimu gani? Shule wamemkataa. Wamesema nimpeleke hospitali kwanza, akipata cheti ndiyo arudi. Hospitali mnasema niende kwanza shule. Sasa sisi tuwe wapi, katikati ya barabara?"

Ukurasa wa saba ulikuwa wa Kaimu. Aliutunga mwenyewe mwezi wa pili baada ya semina ya siku tatu, na aliuonea fahari. Ulitakiwa kuipa timu picha kamili ya mtoto. Hata watoto waliokuwa foleni tangu mwaka jana walirudishiwa fomu waongeze ukurasa huo. Wenye mwalimu waliujaza. Wasio na mwalimu walikuwa wale ambao shule ziliwashindwa, yaani wale ambao kliniki ilijengwa kwa ajili yao.

Aliingia masjala. Wimbo ukakatika.

"Mzee, fomu ambazo hazijajaa zinakaa wapi?"

Karani akavua funguo shingoni taratibu, akafungua droo ya chini kabisa. Ilifunguka kwa shida, imeshiba. Fomu mia moja arobaini na tatu, zimefungwa kwa kamba kumi kumi, na ya mwisho tatu. Kila moja ilikuwa na tarehe ya mara ya kwanza mzazi aliposimama dirishani, kwa penseli, kwenye kona.

"Na hizi kwenye kitabu haziingii?"

"Haziingii mpaka zikamilike. Ndiyo amri." Akatoa karatasi iliyohifadhiwa ndani ya plastiki. Muda wa kusubiri utahesabiwa kuanzia siku fomu itakapokamilika. Chini yake saini. Kaimu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuhitaji kuikagua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mama? Mkubwa anaandika amri, mstari unashuka, na mstari ukishuka mkubwa anapanda cheo. Nikasema huyu anajua, anajitia hamnazo tu. Nikatunza karatasi nikijua siku moja utanitupia mimi."

"Mimi nilidhani wewe unapika tarehe. Miezi yote ukiniona unaacha kuimba!"

"Naimba vibaya, mama. Ningeimba mbele yako?"

Siku mbili nzima walihesabu pamoja, kila mmoja akirudia kwa siri hesabu ya mwenzake. Kaimu akachukua kalamu nyekundu akachora mstari wa pili, unaoanza kuhesabu siku mzazi alipofika dirishani. Mstari huo haukuwa na adabu hata kidogo. Ulipanda mpaka wiki hamsini na nane.

Mganga Mkuu aliuona tarehe kumi na tisa jioni, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama, kesho tarehe ngapi?"

"Ishirini, mkuu."

"Na keshokutwa?"

"Ishirini na moja."

"Basi! Utaubandika keshokutwa. Hiyo droo ina miguu, itakimbia?"

Kaimu alifikiria zamu za wodi. Alifikiria beji yenye cheo kamili. Alifikiria pia kwamba keshokutwa angekuwa mratibu aliyethibitishwa kwa mstari wa bluu, na mtu wa namna hiyo yeye mwenyewe asingemkabidhi funguo za droo.

"Haina miguu, mkuu. Ndiyo maana imekaa miezi minane."

Mkaguzi mkuu alikuwa mama mwenye miwani ya kamba. Aliifuata mistari miwili kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Upi una makosa?"

"Hakuna. Wa bluu unahesabu fomu. Mwekundu unahesabu watoto."

Mkaguzi akaandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena. Akampa mkono, akamwambia amefanya kazi ya maana sana. Kaimu akajua hapo hapo kwamba hana kazi.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Saini ilikuwa sahihi. Juu yake palikuwa na shukrani mistari minne, na juu ya shukrani, kwamba nafasi ya uratibu imefutwa kuanzia mwisho wa mwezi ujao. Mganga Mkuu naye, akiwa sasa hana mstari wa kulinda, alitia saini bila ubishi kwamba ukurasa wa saba uondolewe na tarehe za penseli zipigwe wino.

Siku yake ya mwisho, waliosubiri zaidi walikuwa wakiingia kwanza. Bibi aliitwa wa tatu asubuhi hiyo. Msichana alikataa kuingia mpaka vifuniko vyote vikusanywe kwa rangi, na mtaalamu wa tathmini akapiga magoti akamsaidia, akaanza kuandika papo hapo sakafuni.

"Mwekundu nitauchora mimi," alisema Karani. "Usiwe na wasiwasi."

"Nitakuja kuhesabu kila Ijumaa."

"Bado huniamini, mama?"

"Bado."

Karani akacheka, akamfungulia droo ya chini ajionee. Ilikuwa tupu. Kaimu akaitazama, akapeleka mkono mpaka nyuma, kisha akaichomoa yote, akaipindua, akatazama chini yake.