Mapipa Yaliyolala Kifudifudi

Kwa nini kambo aliacha mvua ipite bure? Kambo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Lubumbashi, na swali hilo ninalo tangu nina miaka tisa. Limenirudia mwezi huu wa kumi, nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba ninayopanga, nikisugua pipa kwa mchanga na majivu ili nikinge maji ya bustani. Hakuna wa kunishikia upande wa pili. Pipa linabingirika, nami nalifuata.

Wewe unayekijua kiangazi chetu huhitaji kuelezwa: miezi bila tone, vumbi jekundu hadi ndani ya chumvi, moshi wa viwanda vya shaba ukitua juu ya mabati. Ndiyo maana mtaani kwetu Katuba mvua ya kwanza haikukingwa. Iliachwa ioshe mabati. Kisha mapipa yalisimamishwa juu ya matofali, chini ya mfereji wa bati uliofungwa kwa waya, na midomo yao ikafunikwa kwa kitenge kilichochakaa. Siku mapipa yaliposimama, ndipo watu waliposema mvua imeanza.

Mama yangu alikuwa akienda Mokambo, anavuka mpaka, anarudi na unga na mafuta ya kuuza. Safari ile aliniambia angerudi mvua ikianza. Basi unaelewa kwa nini sikuacha kutazama mawingu.

Mvua ya kwanza ikapita. Ya pili ilipokuja, mapipa ya majirani yalikuwa yamesimama. Nikasikia maji yakiingia kwa kishindo, kisha kishindo kikipungua kadiri yalivyojaa. Yetu yalilala kifudifudi ukutani. Ya tatu. Ya nne. Siku za jua nilibeba bidoni ya maji kutoka kisima cha jirani ili lengalenga zetu, mchicha wa bustanini, zisikauke. Jirani huyo, mama mcheshi, alituchokoza juu ya ua: “Mapipa yenu iko inalala? Ao munangoya mvua ya Ulaya?” Kambo alicheka kidogo, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Mvua ya tano ilinyesha kambo akiwa kanisani. Nikalisukuma pipa moja mwenyewe, nikalisimamisha chini ya mfereji, nikakaa kando yake nimelowa mpaka likajaa. Aliporudi nikamwambia mvua imeanza, mama atakuja. Hakunigombeza. Aliweka kitabu chake cha nyimbo dirishani, akalikumbatia pipa kwa mikono miwili, akaliinamisha. Maji yote yakaenda njiani.

“Mvua haiyaanza,” akasema. “Ile iko inasafisha tu manjanja.”

Manjanja ni mabati, na yetu yalikuwa yanang'aa. Nililala bila kugusa bukari, ugali wetu, nikiamini kwamba ni yeye anayemzuia mama.

Kuanzia hapo tuliishi kama wapangaji wawili wasiojuana. Nikitoka shule nilisimama kwenye lami yanapopita malori ya Mokambo, nikitafuta kitambaa cha kichwa cha mama juu ya magunia. Siku moja, baada ya Noeli, sikwenda. Kambo aliniuliza kama leo siendi barabarani. Nikasema hapana, nina kazi za shule. Alasiri hiyohiyo alipanga matofali, akaniita nimshikie pipa. Msimu wa mvua ulikuwa umefika karibu nusu.

Chuoni nilisoma kemia, na kwa muda nikaridhika. Moshi unaotua juu ya bati hugeuka asidi, na maji ya kwanza huunguza majani machanga. Niliwaeleza watu wengi jambo hilo kwa kujiamini sana. Lakini maelezo hayo yanatosha mvua moja. Hayatoshi nusu ya msimu.

Kambo hayupo tena. Pale palipokuwa na matuta yetu pana bohari ya saruji, na mtaa mzima sijaona mfereji hata mmoja. Jirani yupo bado, macho yamefifia. Wiki iliyopita nilikwenda kumwuliza. “Weye na maulizo yako,” akasema akicheka, halafu akaacha kucheka.

“Kambo yako alijuaka mbele ya mvua.”

Ujumbe uliletwa na dereva wa lori mwezi wa nane, mbingu ikiwa haina hata wingu: mama alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na aliomba asingojewe.