Shairi Kituoni Vwawa

Juzi, nikingoja basi Vwawa, niliketi karibu na mkulima wa Isansa aliyekuwa amemtoa bintiye shuleni.

"Tangu mama yako afariki, kahawa inakauka mtini," alisema. "Hayo mashairi ya Kiingereza yatachuma?"

Binti akafungua kitabu, akasoma moja, kisha akamweleza kwa Kinyiha: ni mume aliyefiwa, ambaye kila asubuhi bado anaandaa vikombe viwili vya chai.

Mzee akavua kofia. "Aliyeandika ni wa wapi?"

"Ulaya, baba."

"Na huko wanafiwa hivihivi?"

"Hivihivi."

Basi lilipofika, hakupanda. Alijitwika sanduku la bintiye. "Turudi shuleni. Kahawa nitachuma mwenyewe."

Wapo wanaouliza mashairi yana faida gani katika taifa la wakulima. Wangemwona yule mzee akitangulia na sanduku kichwani, bintiye nyuma akijifuta machozi.