Miche Niliyoipanda kwa Mkono Wangu

Uchungu wa gome la kinkina haufanani na uchungu mwingine. Wa limau unauma kisha unapita. Huu unaingia taratibu, unakaa nyuma ya ulimi, na ukimeza mate ndipo unapozidi. Nilidhani nimeuacha Kongo. Kumbe umenifuata mpaka hapa Rosettenville, umefungwa ndani ya kichupa chenye mapovu.

Aliyeuleta ni mjukuu wangu Furaha. Alikuja mbio Jumamosi moja, karatasi kwapani, meno yote nje. Amepata chumba cha saluni, mkabala na Mreno auzaye samaki, na ameshatia sahihi ya kupanga kwa miaka mitatu.

"Kunywa, Gogo, tusherehekee. Ni toniki tu, haina pombe."

Gogo ndivyo Wazulu wanavyowaita bibi zao. Nimemwambia mara mia kwamba kwa Kiswahili gogo ni mti ulioanguka. Anacheka tu. Basi nikanywa. Eish! Machozi yakanitoka kabla sijaweka bilauri mezani.

"Gogo, unalia?"

"Silii. Soma hiyo karatasi yako mpaka chini. Imesema nini juu ya kupanda miti?"

"Gogo, ni saluni! Nani atapanda mti ndani ya saluni?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Sikumlaumu. Hajui, na mimi sijawahi kumwambia. Shule niliishia darasa la pili, kalamu mkononi mwangu inakwenda kama kuku mgonjwa, lakini hili nitaliandika mwenyewe, na ninyi mnaosoma mnivumilie.

Nilizaliwa Bushi, katika milima iliyo juu ya ziwa Kivu, kabla ya uhuru, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala. Asubuhi ukungu ulilala mlimani mpaka ukiita jirani unasikia anakujibu wala humwoni. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya migomba, na sakafu yake ilinukia moshi na majani makavu. Chini ya migomba kulikuwa na shamba la Baba, mteremko mmoja mzuri, udongo mweusi unaobaki kwenye kucha hata ukioga mara mbili. Babu alilipata kwa Mwami, mfalme wetu, kwa kutoa ng'ombe. Kwetu hiyo inaitwa kalinzi. Ukishatoa ng'ombe wa kalinzi shamba ni lako, la mwanao, na la mwana wa mwanao.

Asiye na ng'ombe anaomba bwasa. Bwasa ni kuazimwa shamba kwa msimu. Unaleta mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mnakunywa na mwenye shamba mbele ya majirani, unapanda maharagwe yako au mtama, ukivuna unampa kikapu chake, shamba linarudi. Kulikuwa na sharti moja, na hata mtoto anayetambaa alilijua: mwenye bwasa hapandi mgomba wala mti. Maana maharagwe yanakuja na kuondoka, lakini mti unakaa, na anayepanda mti naye anakaa. Baba alikuwa na msemo wake, akiusema huku anapalilia: "Maharagwe ni mgeni, mgomba ni mwenyeji."

Basi akaja mzungu mmoja. Watu walimwita Kandevu, kwa ajili ya kidevu chake chenye nywele chache nyekundu kama za mahindi mabichi. Alikuja na tarishi wa Mwami, akaomba shamba la chini, lile ambalo Baba alikuwa amelipumzisha. Anataka kupanda viazi na kabichi, awauzie wazungu wenzake wa mjini. Baba hakuwa mjinga. Alimpa bwasa kama ambavyo angempa mtu yeyote. Kandevu alileta mtungi, akanywa kwa mrija kama sisi, akakohoa, watu wakacheka. Baba akasema mbele ya wote, hakuna mgomba, hakuna mti. Tarishi akatafsiri. Kandevu akaitikia kwa kichwa, kisha akatoa karatasi, na Baba akabonyeza kidole gumba chenye wino. Alirudi nyumbani anakitazama kile kidole, amefurahi kidogo. Kilikuwa kama zambarau.

Miaka miwili mzungu alipanda viazi, na kila mavuno alituletea vikapu viwili. Tukamsifu. Mama alisema ana adabu kuliko shemeji zake.

Mwaka wa tatu Baba alichukuliwa kwenda kutengeneza barabara, kazi ya lazima ya serikali, mwezi mzima. Mama alikuwa amejifungua wiki ileile, haruhusiwi kutoka ndani. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi, na nilikuwa na maringo. Nilikuwa nimerudi nyumbani karibuni tu, kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo Mama aliugua na mimi nikalelewa kwa kaka yake, mjomba Bisimwa, ng'ambo ya mto. Kwa mjomba nilijifunza kupandikiza mboga, na hakuna mtoto aliyenishinda.

Kapita, yaani msimamizi wa Kandevu, alikuwa mtu wa kwetu, Mshi kama sisi. Alipita nyumbani asubuhi moja akasimama uani.

"Nabintu, binti wa Nyamushi, ni wewe wanayemsema?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba vidole vyako havivunji mizizi."

"Ni kweli. Haviwezi kuvunja."

"Wanawake wakubwa wanavunja. Bwana ana miche ya thamani, kutoka mbali sana. Nikawaambia, hii kazi ni ya yule mtoto."

Angenipiga nisingekwenda. Angeniomba labda ningemuuliza Mama. Alinisifu, nikamfuata kama mbuzi anayefuata chumvi.

Tulikuwa watoto kama kumi. Wenzangu walipewa kubeba miche kutoka kitaluni, imefungwa kwa majani ya mgomba, na wengine kuteka maji. Tulipofika kwenye shamba letu kapita aliwazuia wote kando. "Hapa anapanda Nabintu peke yake." Jamani, nilivyovimba! Nilipiga magoti kwenye udongo wa nyumbani, nikachimba kwa vidole, nikatia mche, nikagandamiza kwa viganja, nikasogea. Majani yake yalikuwa mapana, yana mishipa myekundu. Nikatafuna moja kuonja, nikatema siku nzima. Siku tatu nilipanda, mstari kwa mstari, na kapita alinipa kitambaa chekundu cha kichwani. Ilikuwa ni kinkina, mti ambao gome lake linatoa dawa ya kwinini, uchungu uleule wa toniki.

Mtaniuliza, hukujua sharti la bwasa? Nilijua. Lakini kichwani mwangu sharti lilikuwa la Kandevu, asipande yeye. Na shamba ni la Baba. Mimi kupanda mti kwenye shamba la baba yangu kuna kosa gani? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na ndivyo kapita alivyofikiri pia, tena alifikiri mbele zaidi yangu.

Baba aliporudi viganja vyake vilikuwa vimechanika. Hakupita nyumbani, alinyoosha moja kwa moja shambani. Nilimkimbilia na kitambaa changu kichwani. Alisimama pembeni ya ile mistari, akachuchumaa, akashika mche mmoja kwa vidole viwili, akauachia. Kung'oa mti wa mzungu ilikuwa fimbo na gereza. "Nani alipanda?" aliuliza. Nikasema ni mimi. Alinivua kile kitambaa taratibu, akakikunja, akakitia mfukoni, akanishika mkono tukapanda kwenda nyumbani. Mkono wake ulikuwa moto.

Alishtaki kwenye baraza la Mwami. Nalikumbuka lile baraza kwa harufu ya ngozi za ng'ombe na tumbaku. Wazee watatu waamuzi mbele, mzungu wa serikali pembeni kwenye kiti chake cha kukunja, anafuta miwani. Kandevu hakusema sana. Aliyesema ni kapita.

"Wazee, bwana wangu hakupanda hata mti mmoja. Wala mimi. Tangu enzi za mababu, mkono wa nyumba ni mkono wa mwenye nyumba. Mtoto wa mwenye shamba akipanda mti kwa niaba ya mgeni, mwenye shamba amemkaribisha mgeni akae. Ndivyo au sivyo?"

Wazee wakatazamana. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikaitwa katikati. Mzee mmoja asiye na meno akaniinamia.

"Mama, ni wewe uliyepanda?"

Mngekuwa ninyi mngesemaje? Watu wote wale, Mwami mwenyewe amekaa, na wananiuliza mimi kuhusu kazi niliyoifanya vizuri kuliko wote.

"Ndiyo, mimi peke yangu," nikasema kwa sauti. "Na haujakauka hata mmoja!"

Watu waliguna. Kapita akatabasamu akitazama vidole vya miguu yake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mjomba Bisimwa alikuwa amekuja. Nilimwona anajipenyeza, anamwinamia Baba sikioni, ananong'ona, anashika bega lake, ananong'ona tena. Baba alitikisa kichwa. Mjomba akapandisha sauti kidogo, "Shemeji, sema tu!" Baba akatikisa kichwa.

Yule mzee akamgeukia. "Nyamushi, mtoto huyu ni wa nyumba yako?"

Baba alisimama. Alininyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Huyu ni wangu."

Wakamaliza. Shamba likaenda. Mzungu wa serikali aliandika, akavaa miwani, akaondoka.

Mimi nilichokiona ni kidole. Tangu siku ile niliamini kwamba Baba alinionyesha kama mwizi anavyoonyeshwa, kwamba alisema huyu ni wangu, huyu mpumbavu, ndiye aliyetumaliza. Watoto wenzangu walinisaidia kuamini. Kisimani waliniimbia, "Nabintu mpanda miti, panda na paa la nyumba yenu!" Nikawa mtoto wa kutazama chini. Baba akiingia, mimi natoka.

Tulibaki na migomba tu, na migomba haikututosha. Baada ya miaka michache kinkina ilikomaa, na Baba akaenda kuomba kazi kwa Kandevu. Alibandua magome ya miti niliyoipanda mimi, kwenye shamba lake, chini ya amri ya kapita. Jioni alirudi na mikono ya njano, na chochote alichoshika kilikuwa kichungu, hata bugali. Alikuwa akinimegea nyama kutoka kwenye sahani yake. Nilipokea bila kumtazama. Sikuwahi kumwuliza na yeye hakuwahi kunieleza. Wanaume wa kwetu hawakuwaeleza watoto mambo. Uhuru ulikuja, Kandevu akaondoka, na karatasi yenye kidole cha Baba ikauzwa kwa mkubwa mmoja wa mjini ambaye hatukuwahi kumwona. Mimi niliolewa. Siku ya kuaga Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili, nami nilitazama vifungo vya shati lake.

Alikufa mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Matangani, mjomba Bisimwa, mzee tayari, alikaa karibu nami kwenye mkeka akaniona silii.

"Una roho ngumu, binti yangu. Mtu aliyekukomboa."

"Alinikomboa na nini?"

Akanitazama kama anayetazama mtu asiyejua jina lake.

"Hukujua? Siku ile barazani nilimwambia aseme wewe ni wangu. Ulikaa kwangu miaka miwili, majirani wangekiri. Ungekuwa mtoto wa nyumba yangu, mkono wako usingekuwa mkono wake, na shamba lingerudi. Nilimwambia, shemeji, ni neno tu. Akanijibu, neno likisemwa mbele ya Mwami si neno tu, mtoto atatoka hapa akiwa wako. Nikamwambia, una watoto wengine. Akasema, shamba sikulizaa."

Nimezaa watoto saba, nimezika wawili, nimevuka nchi nne na mabegi kichwani, nimeuza vitenge barabarani huko Marshalltown mpaka wajukuu wangu wamesoma. Kuna mambo mengi niliyoyaelewa nimechelewa, na nimejisamehe. Hili bado. Miaka yote mpaka ninaolewa nilikula mkono kwa mkono na mtu aliyenichagua, na sikumpa hata macho yangu. Na yeye aliona. Baba gani asingeona? Aliona mwanae anainamisha kichwa kila jioni, akaendelea kunimegea nyama, wala hakuniuliza nina nini.

Labda alidhani nalilia shamba.