Noti ya Juu ya Chiriku

Dada mtu hakuwahi kuimba sauti ya kwanza hata siku moja, wala hakuitamani. Kwa miaka kumi na tisa alisimama hatua moja nyuma ya mdogo wake katika kumbi za harusi, akiitikia sauti ya pili. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Jumamosi alivaa gauni alilolishona mwenyewe, rangi yake imepoa kidogo kuliko ya gauni la mdogo wake, ili watu wajue wamtazame nani. Nao walimtazama huyo mdogo, waliyempa jina la Chiriku. Alikuwa na sauti tamu, uso wa kupendeza, na juu ya hayo mume anayepiga kinanda. Mungu akikupa hakuandikii barua.

Ila Chiriku alikuwa na kasoro moja. Kila alipoivuta noti ya juu, sauti ilimshuka kidogo, kidogo tu, na mwenyewe hakusikia. Dada alisikia tangu usichana wao. Siku moja mwalimu wa kwaya yao alimwambia Chiriku mbele za watu kwamba ameshuka, na binti alilia wiki nzima akiapa hataimba tena. Basi dada akabuni ufundi wake. Alijifunza kuutazama mshipa wa shingo ya mdogo wake. Mshipa ukisimama, alijua anguko linakuja, naye alishuka pamoja naye, kipimo kilekile, hadi sauti zao mbili zikakubaliana, kinanda ndicho kikaonekana kimekosea. Msiidharau kazi hiyo. Kuimba sawasawa wengi wanaweza. Kukosea kwa kipimo cha mwenzako, papo hapo, mbele ya watu mia tatu, jaribuni muone.

Shemeji alikuwa na masikio, hilo tusimnyime. Tatizo ni kwamba masikio ya mume huchagua pa kuelekea.

"Dada, leo umeshuka tena," alikuwa akisema wakikunja nyaya.

"Nitajirekebisha, shemeji."

Na Chiriku humshika bega kwa huruma. "Usijali, dada. Umri huo." Walikuwa wamepishana miaka miwili.

Kisha shemeji akanunua kinanda kipya. Jumapili mchana walimwita dada sebuleni aje akione. Kilikuwa na tundu la maiki: unaimba, mkono wa kushoto wa mpigaji unashika noti za kuongoza, nacho kinaitengeneza sauti ya pili na ya tatu kutokana na sauti yako mwenyewe. Pembeni kilikuwa na kitufe cha kunyoosha sauti: ukishuka, kinakunyanyua kabla hujafika kwenye spika. Shemeji aliwasha vyote kwa mpigo. Chiriku akaimba, na noti ya juu ikasimama wima, na wale Chiriku wawili wa mashine wakaifuata bila kuyumba.

"Umesikia, mke wangu?" shemeji akasema. "Haishuki tena. Si nilikwambia ni dada alikuwa anakuvuta chini?"

"Usimseme hivyo bwana," Chiriku akacheka. "Dada, wewe pumzika sasa. Umetufanyia mengi."

Asante ya punda ni mateke, lakini haya yalimfika mbavuni. Kuachishwa angevumilia. Kusingiziwa, hapana.

"Shemeji, zima hicho kitufe cha kunyoosha. Hizo sauti za pili ziache. Halafu aimbe."

Shemeji alizima, akitabasamu. Chiriku akaanza, akapanda, mshipa ukasimama. Dada aliuma midomo, maana koo lake lilikuwa limeshaanza kushuka kwa mazoea. Noti ilianguka peke yake. Zile sauti za mashine, zikiongozwa na mkono wa shemeji, zilibaki palepale juu, zikamwanika. Shemeji aliondoa mikono kwenye kinanda, tabasamu limemkauka.

"Basi ndiyo hiyo," dada akasema. "Miaka kumi na tisa nashuka na wewe, mdogo wangu, usije ukaaibika." Alisema kwa upole, na moyoni alikuwa anangoja. Alingoja machozi, pengine kukumbatiwa, au walau samahani moja ya kuanzia.

Chiriku aliishusha maiki. "Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kwaya."

"Tangu kwaya, na hukuniambia kwamba bado nashuka." Hakulia. "Nilikuwa na miaka kumi na minane, dada. Ningelia tena, halafu ningejifunza. Sasa nakaribia arobaini, na mashine ndiyo inaniimbia."

Shemeji alikohoa, akakiwasha tena kile kitufe kwa kuwa Jumamosi kulikuwa na harusi. "Turudie kuanzia juu," akasema, na Chiriku akageukia kinanda, mgongo kwa dada yake. Noti ya juu ilisimama wima, safi kabisa.

Dada alirudi nyumbani kwa miguu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha uchi usio wake. Wiki nzima, mguu kwenye kanyagio la cherehani, alitafuta jibu la kumpa mdogo wake. Alitafuta la hasira akalikosa, akatafuta la upole akalikosa pia. Mdogo wake alikuwa na haki.