Mtu wa Buti Moja Haondoki

Kule Bonde la Mto Saint John, kaskazini kabisa ya jimbo la Maine huko Marekani, ukivuka mto umeingia Kanada, na mwezi wa Februari injini ya lori haizimwi. Ukiizima, dizeli inaganda kama mafuta ya ng'ombe kwenye sufuria ya jana, na lori hilo utalivuta kwa trekta mpaka ndege warudi. Sasa wale mabwana wa usalama wenye vyeti vya kutundika ukutani wamesema hivi: foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, isiingie ndani ya trela kabla dereva hajakabidhi ufunguo. Sawa, mabwana. Ufunguo upi, na injini inanguruma?

Fernande Daigle hakuwa na cheti. Alikuwa mwanamke mwenye darasa la nane na miaka ishirini na saba juu ya foklifti katika ghala la viazi. Miaka yote hiyo aliingia sanduku la trela na kutoka sanduku la trela, mbele akiona viazi, nyuma akiona mlango. Akatunga sheria yake mwenyewe. Dereva akifika, anakabidhi buti la kushoto. Buti linatundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa kupakilia, mwenye buti anarukaruka hadi kwenye jiko la kuni, anakaa hapo na soksi yake mpaka trela ijae. Juu ya msumari aliandika kwa rangi nyekundu ya matrekta: MTU WA BUTI MOJA HAONDOKI. Tafuteni kitabu chochote cha usalama mniletee sentensi inayoishinda hiyo. Nitangoja.

Madereva walinung'unika wiki mbili, wakazoea.

"Fernande, na kama ningekuwa sina mguu wa kushoto ungechukua nini?"

"Meno. Najua yanatoka."

Kila masika alisema mwaka huu ndio wa mwisho. Kila vuli, viazi vikitoka ardhini, ungemkuta kwenye kiti kilekile, mgongo umeshachukua umbo la kiti. Angekwenda wapi? Bonde lile lina viazi, miti na theluji, na miti ilishapata watu wake.

Basi Jumanne moja adhuhuri aliingia Leandre Soucy. Leandre ni mzee wa miaka sitini na saba, mjane wa tangu msimu wa mavuno, na binti yake ameolewa na mwana wa Fernande. Ni mkwe, tena mkwe wa heshima, anayevua kofia hata akiongea kwenye simu.

"Buti, mkwe," Fernande akamwambia.

"Hata mimi?"

"Hata askofu, akija na trela."

Leandre akainama, akavua polepole. Soksi ilikuwa na tundu, na dole gumba lote lilikuwa nje, jekundu, kama kifaranga aliyetoboa yai. Akalificha nyuma ya mguu wa pili. Kule kwenye chumba cha jiko, mlango ukiwa wazi, wapakiaji watatu walikuwa wanakula maharage na ploye, zile chapati zao laini za njano, na wanajulikana kwa ndimi zao.

"Marehemu Yvonne ndiye alikuwa anashona," Leandre akasema, macho yake chini.

Fernande akaona aibu isiyokuwa yake. Sheria aliitunga kwa madereva; hakuitunga kwa mjane anayesimama kwenye saruji ya baridi akificha dole.

"Vaa," akamnong'oneza. "Vaa kabla hawajageuka. Kakae kwenye lori lako. Nikimaliza nitagonga mara mbili, kama siku zote."

Kugonga mara mbili ni desturi ya ghala lile. Mzigo ukishakaa sawa, mpakiaji anapiga ukuta wa trela kwa nyundo, mara mbili. Dereva akisikia anashuka, anatoa kabari iliyozuia gurudumu, anapanda, anaondoka. Hakuna maneno. Kwa baridi ile mdomo unafunguliwa kwa chakula tu.

Kabari aliiweka Fernande mwenyewe, mbele ya gurudumu la nyuma la kushoto. Aliiweka vizuri. Ila chini yake kulikuwa na barafu laini kama sahani ya harusi, na uwanja ule umeinama kidogo kuelekea barabarani. Foklifti ya tani nne ikifunga breki ndani ya trela, inaisukuma trela mbele. Kidogo tu, upana wa kidole. Lakini paleti moja, ile chaga ya mbao iliyopangwa viazi, kidole kimoja, paleti ya pili kidole cha pili, na breki za lori zishike zitakavyo, juu ya barafu gurudumu linateleza limefungwa hivyohivyo, na kabari yake mbele, kama mtu anayeburuta kiti amekikalia.

Paleti ya kumi na tisa aliitua salama. Akachomoa meno ya foklifti, akarudi kinyumenyume kuelekea kwenye bamba la chuma lililounganisha trela na jukwaa la ghala. Bamba lilikuwa limebakiza ncha tu juu ya sakafu ya trela. Gurudumu la nyuma likalikanyaga, bamba likaanguka chini, na makalio ya foklifti yakalifuata kwenye pengo.

Mwili wote ulimwambia ruka. Lakini amewafundisha watu wangapi? Mashine ikianguka usiruke, kwa maana anayeruka ndiye inayemwangukia. Fernande akashika usukani, akakaza miguu, mkanda ukambana kifuani. Kisogo cha foklifti kikapiga ukingo wa jukwaa: bam. Mlingoti wa mbele unaobeba meno ukainuka, ukapiga paa la trela: bam.

Kisha mashine ikatulia.

Alikuwa amelala chali kama mtu aliyekwenda kung'olewa jino, macho yake kwenye paa la bati. Mguu wa kulia umebanwa chini ya nguzo ya usukani. Akiuvuta, maumivu yanapanda hadi sikioni. Mgongoni mwake, kupitia pengo, upepo wa Februari uliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Mashine imening'inia: magurudumu ya mbele yako ndani ya trela, kisogo kimeegemea jukwaa. Trela ikisogea mbele hata hatua moja, tani nne zitashuka chini, na yeye amefungwa juu yake kwa mkanda.

Haisogei, akajiambia. Leandre anangoja nigonge mara mbili.

Hapo ndipo akahesabu. Bam ya kisogo. Bam ya paa.

Akasikia mlango wa lori ukifunguliwa.

Akabonyeza honi. Honi ilikufa tangu Novemba. Aliandika kwenye karatasi ya matengenezo mara tatu, karatasi ikajaa, honi ikabaki maiti. Akapiga kelele. Mlango wa chumba cha jiko sasa ulikuwa umefungwa joto lisitoke, ndani redio inacheza fidla na wale watatu wanagonga miguu. Akaita, "Mkwe! Leandre!" Injini ikamjibu. Leandre alikuwa na kofia ya manyoya iliyofunika masikio, na hata bila kofia sikio lake moja lililiwa na injini zamani.

Fernande akageuza shingo mpaka ikalia. Kwa pengo la ubavuni aliona kipande cha theluji, robo ya gurudumu, na kabari. Hilo tu ndilo dirisha lake. Yakaingia mabuti mawili, la kushoto likiwa lile alilomwambia alivae tena kwa kinywa chake mwenyewe. Ukaonekana mkono na nyundo. Kabari ilikuwa imeshikwa na barafu, na Leandre akaanza kuigonga.

Kok.

Akitaka kulia, atalia baadaye. Atupe nini? Kofia ya plastiki ilishadondoka. Nyundo yake iko msumarini. Kok. Kabari ikacheza. Mfukoni ana leso na pipi ya koo. Vitu vyote vizito ndani ya trela ni viazi, na viazi vimefungwa kwa plastiki mbali na mkono wake.

Mguu wa kushoto ulikuwa huru.

Akang'ata glovu akaitema. Akaukunja mguu mpaka goti likafika kidevuni, jambo ambalo hajalifanya tangu aolewe, akaanza kufungua kamba. Ni mwanamke wa sheria: kamba zake hufungwa fundo mara mbili. Vidole havikuwa vidole tena, ni vijiti. Kok. Fundo la kwanza. Kok, na barafu ikapasuka. Fundo la pili likamgomea, akaacha kufungua, akalivuta buti kwa kisigino, likatoka na nusu ya ngozi yake.

Buti moja. La pili limebanwa pamoja na mguu. Akikosa shabaha, basi.

Akalipitisha kwenye pengo, akalisukumiza.

Likaangukia juu ya mkono wenye nyundo.

Mkono ukatulia. Kisha Leandre akaliokota lile buti. Fernande alimwona kuanzia magoti kwenda chini tu, kwa hiyo hakujua uso unasema nini. Aliona mabuti mawili yamesimama, hayaendi mbele wala nyuma, kwa muda ambao ungetosha kusali. Ndipo magoti yakapinda, kofia ya manyoya ikachungulia pengoni.

"Mkwe?"

"Usiguse hiyo kabari."

Leandre akaweka nyundo chini taratibu, kama anaweka yai. Kwa mguu akairudisha kabari, akaishindilia. Halafu, bila kuambiwa, akavua buti lake la kushoto. Akaingia ghalani na soksi ileile, dole mbele, akiacha alama za theluji kwenye saruji mpaka chumba cha jiko.

Wale watatu walianza kucheka.

"Ee, Leandre, huyo mtoto anayechungulia soksini umempa jina?"

"Zimeni redio," akasema.

Kazi ya kumtoa ilichukua saa nzima na robo: minyororo miwili, foklifti nyingine ya kuinua kisogo, na kabari nne zilizomwagiwa mchanga. Muda wote huo Fernande alilala akitazama bati. Leandre alipanda kwenye ukingo wa jukwaa, akanyoosha mkono mpaka ukamfikia, akauvika mguu wa Fernande, uliobaki na soksi tu, kofia yake ya manyoya, akaushika.

"Soksi yako nzima," akasema.

"Lete zako Jumapili."

"Zote?"

"Zote. Lakini utavua, mkwe. Hata likitoka dole na majirani zake."

"Nitavua."

Mnyororo ukakazwa, mashine ikalia, wakaagizwa wasipumue. Fernande akauliza buti lake liko wapi.

"Msumarini, pamoja na langu."

"Basi," akasema Fernande, akafumba macho, "hata ningetaka, siondoki."