Niliandika "Nimeona", na Sasa Mwingine Ndiye Anayeomba Msamaha

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na saba, naishi Jinja. Humu ndani nawasoma kila siku, na kwenye komenti mimi ni hodari wa kushauri wenzangu, tena kwa ukali. Leo ni zamu yangu. Msijisumbue kunipoza, sistahili.

Miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na saba, kulikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu Nalufenya, hapa Jinja, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini. Sisi vijana wa kanisani tulimwita Afande. Likizo zikifika alituchezesha mchezo wake. Alikuwa anaficha makopo ya maziwa, mengine hapa jirani Mafubira, mengine kijijini Budondo, moja hata kwenye kilima huko Mbale, halafu anatuandikia maelekezo: hesabu hatua kadhaa kutoka mahali fulani, geuka, tafuta. Ukirudi unaandika kwenye daftari lililokaa sebuleni kwake, Nimeona au Sikuona.

Kwenye hilo la Sikuona hakuwa na mzaha. "Kama hapana ona, andika hapana ona," alituambia. "Hiyo si aibu. Watu wawili wakiandika hapana ona, mimi nakwenda kuangalia kama kopo iko ama imeibiwa. Ukinyamaza, mwenzako atatafuta kitu hakuna."

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Sikuwahi kuandika Sikuona hata mara moja, na nilijisifu mpaka wenzangu wakachoka na mdomo wangu. Aprili kanisa likatupeleka Mbale, nikalitafuta lile kopo la kilimani asubuhi nzima, chini ya mwamba uliotajwa, mpaka kucha zikajaa udongo. Halikuwepo. Tuliporudi Jinja nikafungua daftari, nikakuta msichana mmoja, tena mzito wa kila kitu, ameandika Sikuona kwa kopo hilohilo. Nikasema moyoni, mimi siwezi kuwekwa mstari mmoja na huyu. Nikaandika Nimeona.

Afande alikuwa ameanza kupanga safari ya kwenda kulikagua, akingoja tu Sikuona ya pili. Aliposoma nilichoandika alifurahi, akanipa mkono, akasema basi kopo liko salama. Safari akaiacha.

Agosti ikawa zamu ya rafiki yangu kwenda Mbale. Nitamwita Mirembe, ingawa si jina lake. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu utoto. Kabla ya kuondoka alinishika mkono akaniuliza, "Wewe, lile kopo uliliona wapi hasa? Niambie kidogo tu, sitamwambia Afande." Ningesema kweli pale pale angenicheka siku mbili, yakaisha. Nikamwambia, "Panda juu ya mwamba, endelea kidogo, utaliona." Nilitunga tu, ndugu zangu. Niliona aibu kukosa jibu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mirembe akatafuta chini, akakosa, akapanda kwenye mwamba. Wenzake walimwita ashuke, akawajibu kwamba mimi nililiona, kwa hiyo lipo. Akateleza. Tulimzika Budondo, na mimi ndiye niliyeshika maua.

Msibani watu wakamvaa Afande. Anawekaje kopo la watoto juu ya mwamba? Mzee akaapa, "Mimi niliweka chini! Mtoto anafika bila kupanda!" Ndipo baba yake Mirembe, aliyekuwa polisi, akanigeukia mbele ya watu wote. "Binti, wewe uliliona. Lilikuwa wapi?" Nikasema, "Juu." Neno moja tu. Afande aliniangalia, wala hakunibishia. Watu wakasema watu wa bunduki ni hivyo, roho ya mtu kwao si kitu. Haukupita mwezi akahama Jinja, akaenda kuishi Mbale peke yake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeenda karibu miaka thelathini. Mama yake Mirembe amenifanya mtoto wake. Alinisimamia kwenye harusi yangu, amelea watoto wangu wote, na binti yangu mkubwa nimempa jina la marehemu. Kila akiniita mwanangu, moyo unaniuma. Baba Mirembe alikufa bado anamlaani yule mzee.

Sasa wiki iliyopita ametumwa mtu kutoka Mbale. Afande ni mgonjwa sana, hawezi kuinuka. Anaomba mama yake Mirembe aende amsamehe kabla hajafa. Salamu zake zilikuwa hivi: "Mwambie mama, miaka yote nilisema niliweka chini. Lakini yule mtoto aliona juu, na mtoto yule hawezi danganya. Basi labda ni mimi nilisahau." Nilipousikia ujumbe ule niliingia bafuni nikalia mpaka nikakosa pumzi. Mzee wa watu amekubali kosa ambalo hakulitenda, kwa sababu aliniamini mimi kuliko macho yake mwenyewe.

Nimemwambia mume wangu, yeye peke yake. Anasema maji yakimwagika hayazoleki, na mama ana presha, nikifungua mdomo nitazika wawili. Sijui kama anamhurumia mama au anaihurumia nyumba yetu.

Jumamosi tunakwenda Mbale, mimi na mama. Yeye amezoea Kiswahili cha kambi za polisi, na jana jioni alikuja kwangu akaketi, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilichukia huyu mzee miaka mingi, sasa sijui nitaanza namna gani. Wewe ulisoma. Nifundishe maneno ya kusamehe mtu."

Nikamfundisha. Akayarudia moja moja mpaka akayashika, akanishukuru, akanibusu kwenye paji la uso.

Nishaurini, ndugu zangu, na msinionee haya. Nimwambie kabla hatujaondoka, au nisimame kando ya kitanda nimsikilize akimpa mzee yule maneno yanayonihusu mimi?